Ng'ombe wa Mnarani

Shemeji yangu Fulbert aliitazama minara ya kanisa kuu la Montrel karibu maisha yake yote bila kukanyaga huko. Usimcheke. Minara ile inaonekana kutoka kila konde la uwanda wetu: ukilima unaiona, ukipalilia unaiona, ukienda kuanika nguo unaiona. Mji uko juu ya kilima na kanisa liko juu ya mji, hakuna pa kuikwepa. Lakini mtu wa ng'ombe hana Jumapili. Ng'ombe hawajapata habari kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, wanataka majani na maji siku hiyo kama siku nyingine. Fulbert alisali misa ya alfajiri katika kikanisa cha kijiji, akarudi zizini, na hivyo ndivyo alivyozeeka.

Kwao ni mbali, kwenye vilima vya Morvan, ambako kila mwanamume ni mswaga ng'ombe. Alikuja huku kaskazini akiwa kijana, akiswaga jozi ya maksai weupe, madume waliohasiwa kwa ajili ya kazi, ambao familia ya Delvincourt ilikuwa imenunua ili walime mashamba yake ya bitiruti za sukari. Aliambiwa akae wiki moja tu, ng'ombe wazoee sauti za watu wa hapa. Katika wiki hiyo akamwona dada yangu Leontine, na wiki ile haikuisha. Walioana, hawakujaliwa watoto, na dada yangu akafa wakati wa vita, si kwa bomu bali kwa kifua. Mimi ndiye mpishi wa shamba lile. Kwa hiyo nikamrithi Fulbert pamoja na masufuria ya dada: nikamfulia, nikamlisha, nikamgombeza, kwa kuwa mgane asiye na mtu wa kumgombeza huharibika upesi.

Kwa binadamu alikuwa mkimya. Kwa maksai wake alikuwa msemaji. Ukipita kando ya konde ungemsikia akiwasimulia mambo ya jana, akiwauliza maoni yao, akiwaomba radhi kwa ugumu wa udongo. Akiingia jikoni kwangu anasema "mm". Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu chochote, hata chumvi ya mezani. Alingoja mpaka imfikie. Kuna wakati niliificha makusudi nione atafanya nini, naye akala supu chapwa mpaka mwisho, akasema "mm", akaenda zake.

Jozi yake ya mwisho ilikuwa Chavan na Jolivet. Wasiojua ng'ombe hudhani kwamba maksai wawili ni maksai yuleyule mara mbili. Sivyo. Chavan alifundishwa upande wa kushoto wa nira na Jolivet upande wa kulia tangu wakiwa vijana, na huwezi kuwabadilisha, kama usivyoweza kuvaa kiatu cha mguu mwingine. Msimu uliopita wa kuvuna bitiruti, Chavan alianguka njiani akiwa kazini na hakuinuka tena. Wakati huo trekta ilikuwa imeshafika shambani, nyekundu, inanuka, inaamsha watoto. Jolivet akabaki hana wa kufungwa naye wala kazi ya kufungiwa. Akapitisha baridi yote zizini akila nyasi kavu, na mara mbili akavunja ua akaingia kwenye kabichi zangu. Mwezi wa Machi Bwana Delvincourt akasema kwamba mwenye bucha wa Montrel angekuja Jumatatu kumchukua. Alisema kwa upole, sitamsingizia. Fulbert akajibu "mm".

Lakini tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Nilimwona akisukuma viazi pembeni mwa sahani kana kwamba anavipanga foleni, nami nikajua kwamba mwenye bucha akija Jumatatu ataondoka na wawili. Mmoja kwenye tela na mmoja atakayebaki hapa akitembea bila roho. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikaunguza vitunguu.

Sasa niwaeleze habari ya mafahali. Juu kabisa ya minara ya Montrel, penye matundu marefu kati ya nguzo, wamesimama ng'ombe wa mawe, vichwa nje, wakiutazama uwanda. Watu wa Montrel wanawaita mafahali, na majivuno yao juu ya wale ng'ombe hayana kipimo. Timu yao ya mpira ni Mafahali. Mkahawa wao mkubwa ni Fahali Mweupe. Wakishuka sokoni kwetu wanatutunishia shingo utadhani wao ndio waliowazaa. Sisi wa uwandani wanatuita wala bitiruti, kana kwamba hatuli kingine.

Jumamosi jioni wafanyakazi walikuwa mezani kwangu wakilalamika jinsi Mafahali walivyotutandika tena. Fulbert akainua kichwa kutoka kwenye viazi vyake.

"Wale si mafahali," akasema.

Watu walishangaa kwanza kwamba sauti imetoka kwake. Mmoja akamuuliza amejuaje, na hali hajawahi hata kufika huko.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wale wako kumi na kitu, na hakuna aliyemsukuma mwenzake akaanguka."

Meza ikalipuka kwa kicheko. Huyu akasema basi labda ni majike, yule akasema ni kondoo walionenepa, mwingine akasema anayetaka kujua apande akaangalie mwenyewe. Fulbert hakucheka. Kesho yake, baada ya misa ya alfajiri, alisimama mlangoni pa jikoni amevaa koti lake la harusi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Montrel."

"Kufanya nini?"

"Kujua."

"Kujua nini, Fulbert? Nikuvute maneno kwa ndoana?"

Akafikiri kidogo. "Ni ng'ombe gani waliyempandisha juu vile. Na alifanya nini mpaka wakampandisha."

Nikavua aproni, nikachukua kofia yangu. Sikuweza kumwacha aende peke yake, na kusema kweli, udadisi ni ugonjwa wa kuambukiza.

Tulipanda basi mpaka chini ya kilima, tukapanda kilima kwa miguu. Mimi kanisa lile nilikwisha kuingia mara nyingi, kwa ubatizo wa huyu na maziko ya yule, na kwa kuingia mara nyingi nilikuwa nimeacha kuliona. Misa kubwa ilikuwa imekwisha, watu wanatawanyika kwenda kula. Fulbert alisimama ndani ya mlango, kofia mkononi, akakataa kusogea. Nikadhani ameogopa. Kumbe alikuwa anangoja macho yazoee, kama anavyofanya akiingia zizini kutoka kwenye jua. Kisha akainua uso, na uso ukaendelea kuinuka, maana ndani ya kanisa lile hakuna mahali ambapo macho yanafika na kusema basi. Nguzo zinapanda, zinagawanyika, kila tawi linakwenda kulishika tawi lililotoka upande wa pili, na dari limetulia juu ya hayo yote kana kwamba halina uzito. Nami nikainua uso, kwa ajili yake. Nikaona kwamba ni pazuri. Niliona haya kidogo kwamba nilihitaji mswaga ng'ombe anioneshe.

"Mawe haya yametoka wapi?" akauliza.

Nikamwambia machimbo yako ng'ambo ya uwanda.

"Kilima hiki wakapanda nayo?"

"Wakapanda nayo."

Akaishika nguzo kwa kiganja wazi, kama anavyomshika ng'ombe ubavuni kujua kama ana homa. Alikaa hivyo mpaka bibi mmoja aliyekuwa akiwasha mshumaa akaanza kututazama.

Jua lilikuwa limeingia kwa vioo vya upande wa kusini na kumwaga sakafuni nyekundu na buluu. Fulbert akaizunguka ile rangi asiikanyage kwa viatu vyake vya zizini. Mtu mzima. Nikamwambia haifutiki, akaizunguka vilevile. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini mlango ule umezibwa, nani analala chini ya jiwe hili, njiwa wale wanaingilia wapi. Kwenye kioo kimoja akamgundua ng'ombe wa hori la Noeli, wa buluu, mwenye macho ya msichana. Akamkagua kwa muda mrefu.

"Huyu hajawahi kufanya kazi," akasema, tukaendelea.

Mlango wa mnara ulikuwa na mwenyewe. Jina lake Pruvot, mpiga kengele, mfupi mwenye kifua kipana, skafu ya timu shingoni hata humo kanisani. Alitazama viatu vyetu kwanza, akajua tumetoka wapi.

"Leo wala bitiruti wamekuja kwa Mungu?"

"Kwa Mungu tumeshapita," nikamjibu. "Sasa tunataka kwa ng'ombe."

Akaanza kutuhubiria kwamba mnara hufunguliwa wageni wakati wa Pasaka tu, kwamba ngazi ni mbaya, kwamba magoti yetu si ya juzi. Nikamwambia kama mafahali wake wana jambo la kuficha, aseme, turudi nyumbani tukawaambie watu hivyo. Hilo likamchoma. Akatoa funguo.

Ngazi ile hujizungusha ndani ya giza, nyembamba, na kila jiwe limelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Niliwaomba watakatifu wote ninaowajua, na walipokwisha nikaanza kumlaani Fulbert kimoyomoyo. Chini ya paa tukapata mahali pa kuvuta pumzi. Hapo palikuwa na gurudumu la mbao kubwa kuliko jiko langu, limesimama wima, kamba imezungushiwa kwenye ekseli yake. Pruvot akaeleza kwamba wakati wa ujenzi watu waliingia ndani ya gurudumu wakatembea, kamba ikajiviringisha, jiwe likapanda.

Fulbert akaingiza kichwa ndani yake. "Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Popote hawaendi, mzee. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Basi walikuwa na Jumapili," akasema Fulbert, na nilisikia wivu kidogo.

Hapohapo, akihema, Pruvot akatupa hadithi ambayo watoto wa Montrel hunyonya pamoja na maziwa. Siku moja mkokoteni wa mawe ulikuwa ukipanda kilima, na katikati ya mteremko ng'ombe mmoja wa jozi akaanguka akafa. Mswagaji akakaa chini akalia. Mara akatokea ng'ombe mgeni, mweupe, asiyejulikana na mtu, akaingiza shingo mwenyewe penye nira tupu, akavuta na mwenzake mpaka juu. Watu walipogeuka kumpa maji, hayupo. Ndiyo maana wajenzi wakawaweka ng'ombe mnarani, kwa shukrani.

"Upande gani?" akauliza Fulbert.

"Upande gani nini?"

"Aliingia upande gani wa nira?"

Pruvot akasema hadithi haikutaja. Fulbert akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kisicho kamili. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona uso na nikaacha. Alikuwa ameshika ukingo wa gurudumu na hakutaka kuuachia.

Tukapanda kipande cha mwisho, tukatokea kwenye upepo na mwanga. "Hawa hapa," akasema Pruvot, akanyoosha mkono kwa fahari.

Tuliona makalio. Ng'ombe wote walikuwa wamesimama kwenye matundu yao wakitazama nje, na sisi tuliokuwa ndani ya mnara tulipewa migongo. Tena huku nyuma waashi walikuwa wamebana matumizi. Mbele, alisema Pruvot, wamechongwa mpaka nywele za paji la uso. Nyuma lilikuwa gogo la jiwe tu, halina hata mkia. Fulbert akapiga magoti, akachungulia chini ya tumbo la wa kwanza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema Pruvot, akicheka mpaka skafu ikamponyoka.

Chini ya tumbo hapakuchongwa kitu. Jiwe tupu. Wa pili vilevile, na wa tatu. Pruvot akatoa hukumu kwamba penye shaka mwenye mji ndiye mwenye neno, kwa hiyo ni mafahali, na sasa tushuke, chakula chake kinapoa. Nami, nasikitika kusema, nilikuwa tayari kushuka.

Fulbert akavua koti, akanipa. Akamwendea ng'ombe wa pembeni kutoka ubavuni kushoto, akaanza kusema naye kabla ya kumgusa, kama inavyopasa, maana ng'ombe akiguswa kabla ya kuambiwa hurusha teke. "Haya, babu, haya, ni mimi tu." Kisha akajipenyeza kati ya jiwe na nguzo mpaka kiwiliwili chote kikawa nje ya mnara. Nikaukamata mshipi wake kwa mikono miwili. Pruvot akanikamata mimi kiunoni, jambo ambalo siku nyingine lingempatia kofi. Chini yetu njiwa walikuwa wanaruka, na chini ya njiwa kulikuwa na mapaa ya mji. Nikamwambia Fulbert kwamba akianguka nitamfuata nikamgombeze hukohuko aendako.

"Shemeji, nyamaza," akasema.

Hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja, na kwa mshangao nikanyamaza. Mkono wake ulikuwa ukitembea kwenye kichwa cha yule ng'ombe, ambacho hakuweza kukiona. Ukapita paji la uso, ukapanda, ukasimama kwenye shina la pembe. Ukazunguka hapo polepole. Ukahamia pembe ya pili. Tulipomvuta ndani alikuwa amejaa kinyesi cha njiwa kifuani, naye akakaa sakafuni.

"Maksai," akasema.

Pruvot akataka ushahidi.

"Pembe ina mfuo. Hapa chini kabisa, ukanda wa nira unapofungwa. Ukanda ukivuta miaka mingi unaila pembe. Fahali hana mfuo huo, maana fahali hafungwi."

"Labda ni ufa."

"Kwenye pembe zote mbili? Ufa gani wenye adabu hiyo?"

Pruvot akataka ajionee. Tukamshika, akatoka nusu, akapapasa, akarudi. Kwa muda alitazama viatu vyake. Kisha akavua skafu, akaikunja vizuri, akatuomba kwa jina la Bikira Maria tusiliseme jambo hili mjini, angalau mpaka ligi iishe. Nikaapa. Wakati naapa nilijua kabisa kwamba itanishinda.

Nilitegemea Fulbert afurahi. Kwa jambo hili peke yake watu wa uwandani wangemnywesha mvinyo wa tofaa bure mpaka kufa kwake. Lakini hakuwa akitusikiliza. Alikuwa anakwenda kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akipapasa pale mkono ulipofika, akitazama shingo zao.

"Shemeji, alama ya nira wanayo," akaniambia, "na nira haipo. Mtu aliyejua kuchonga mfuo alijua na nira. Angetaka angeichonga."

"Kwa hiyo?"

"Wamefunguliwa. Kazi imekwisha, wakafunguliwa, wakaachwa watazame."

Mimi si mtu wa machozi, kwa hiyo nikamwambia avae koti lake kabla hajapata kifua. Akavaa. Kisha akasimama katikati ya maksai wawili, naye akatazama nje. Aliniuliza shamba letu ni lipi, nikamwonesha paa jekundu na safu ya miti mirefu. Akakaza macho.

"Kutoka huku mistari yetu inaonekana imenyooka," akasema. "Ya trekta imepinda kidogo."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akijipa.

Kurudi hatukuzungumza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi mshindo wa Fulbert nilikuwa nimeungoja tangu ujana wangu na sikuwahi kuusikia. Jioni alimpelekea Jolivet majani, akakaa naye. Nikaenda kulala nikiwa na huzuni na hasira, nikiwaza kwamba amepanda mpaka mbinguni, amejua alichotaka kujua, na Jumatatu itafika vilevile.

Ikafika. Mwenye bucha alikuja asubuhi na tela lake nyuma ya gari, mtu mcheshi, mwekundu wa uso. Bwana Delvincourt akamkaribisha jikoni kwangu kwa kahawa, kisha akamwambia Fulbert, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamlete Jolivet.

Fulbert hakutoka.

"Bwana," akasema, "naomba."

Nikaacha kumimina kahawa. Bwana Delvincourt akamtazama kama anayetafuta pa kuanzia kumpima homa.

"Unaomba nini?"

"Jolivet."

Bwana akashusha pumzi. Akamweleza kwa upole uleule kwamba ng'ombe asiyefanya kazi anakula sawa na anayefanya, kwamba neno ameshalitoa kwa mwenye bucha na mtu havunji neno lake. Wangekuwa jozi, akasema, angeweza kuwatafutia kazi ya kuvuta magogo msituni.

"Lakini mmoja, Fulbert? Wewe mwenyewe ulinifundisha nilipokuwa mdogo. Maksai mmoja si nusu ya jozi. Si kitu."

"Si mmoja."

"Chavan amekufa."

"Chavan alikufa njiani, mvua inanyesha, mkokoteni umejaa bitiruti zako. Nira ikabaki inaning'inia upande wake, inamsokota Jolivet shingo." Fulbert alikuwa akisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Nikaingiza bega langu. Tukavuta mpaka kiwandani. Kila nilipoteleza alisimama, akaningoja. Hakunikanyaga, bwana. Jozi yake ni mimi."

"Uliniambia ulipata msaada njiani."

"Nilipata. Ni yeye."

Mimi ndiye niliyelikanda bega lile kwa mafuta, usiku baada ya usiku, akinidanganya kwamba ameanguka kwenye ngazi ya ghala. Nilitamani kumpiga kwa birika. Nilitamani pia kumkumbatia, na kwa kuwa mambo hayo mawili hayafanyiki mbele ya wageni, nikaweka mezani bakuli la sukari ambalo hakuna aliyeliomba.

Bwana Delvincourt akazungusha kikombe chake.

"Tangu lini wewe unaomba vitu, Fulbert?"

"Tangu jana."

Bwana akamgeukia mwenye bucha, akamwambia kwamba anaomba arudishiwe neno lake. Alilisema kwa taabu, kwa sababu akina Delvincourt hawajazoea. Mwenye bucha akainua mabega. Ng'ombe mzee wa kazi, akasema, nyama yake ni ngumu hata kwa supu, na yeye hakuja hapa kutenganisha ndoa za watu. Nilimpenda kwa hilo. Kwa hiyo nilikitunza kiapo changu kwa Pruvot mpaka alipokuwa anawasha gari, hapo ulimi ukaniponyoka, nikamweleza habari za Mafahali wao. Akaondoka na tela tupu, uso umezidi kuwa mwekundu.

Nilipoingia ndani, Bwana Delvincourt alikuwa bado amesimama dirishani, kahawa imempoa mkononi. Uani Fulbert alikuwa na Jolivet, anamsimulia jambo refu, kwa sauti kubwa, bila kujali nani anasikia. Bwana aliwatazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama lile bega limepona.

Nikamwambia linamuuma kila mvua inaponyesha, ila hasemi.